Kunjo la Tano

Shangazi yangu alishona vitabu kwa miaka thelathini na mmoja, na jambo alilopenda kujisifia lilikuwa moja tu: hakuna kitabu kilichotoka mikononi mwake na kurasa zilizokosana. Alilisema kazini, alilisema harusini, alilisema hata kwa watu waliokuja kumpa pole msibani. Sisi tuliomzunguka tuliamini. Mimi niliamini kuliko wote, maana ndiye aliyenitafutia kazi kiwandani kwao nilipomaliza shule ya msingi na kukosa pa kwenda.

Kiwanda kilikuwa cha vyumba vitatu. Chini kulikuwa na mashine ya kuchapa, iliyotikisa nyumba mpaka glasi za chai zikahama zenyewe mezani. Juu kulikuwa na chumba cha kujalidi. Mkunjaji alikaa dirishani na kipande chake cha mfupa cha kulainishia mikunjo, Shangazi katikati na fremu yake ya kushonea, na mimi mwishoni, kwenye mashine ya kukatia karatasi. Chumba cha tatu kilitengwa na chetu kwa ukuta wa mbao tu, na mwenye kiwanda alikipangisha kwa yeyote aliyekitaka.

Kazi yetu ilikwenda hivi. Karatasi kubwa iliyochapwa pande zote mbili ililetwa juu. Mkunjaji aliikunja mara tatu, ikawa na kurasa kumi na sita. Fungu hilo tuliliita kunjo. Makunjo yalifungwa mabunda ya arobaini arobaini na kupangwa rafuni kwa namba. Shangazi alichukua kunjo, akatazama namba ya ukurasa wa kwanza, akalishona kwenye lililotangulia. Kutazama namba ilikuwa sheria aliyojiwekea mwenyewe.

Alikuwa mfupi, wa mkono wa kushoto, sindano imechomekwa kwenye ukosi wa gauni kutwa nzima, na mdomo wake haukuwa na likizo. Mkunjaji alikuwa mrefu, mpole, mzito wa maneno. Mikunjo yake ilinyooka kama imepigwa pasi. Ila Jumamosi na Jumapili alikuwa mtu wa pombe, na Jumatatu alikuja na macho mekundu.

"Jana umelala wapi, bwana?" Shangazi alimchokoza.

"Kwangu."

"Kitandani au mlangoni?"

"Nilianzia mlangoni."

Mwaka wangu wa pili pale akaja karani mmoja wa idara ya maji na mswada aliouandika mwenyewe kwa taipureta. Kilikuwa kitabu cha mchezo. Si mchezo wa mpira wala karata. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu anajitwalia mhusika wake: huyu mlinzi, huyu mganga, huyu mwizi. Msimulizi anasema, "Mmefika mbele ya mlango wa jiwe. Mnafanyaje?" Kila mtu anasema anachofanya, na pakiwa na mashaka inarushwa dadu. Kitabu kinatoa sheria na ramani na habari za nchi yenyewe. Kulikuwa na nchi ya juu na Ufalme wa Chini, ulio chini ya ardhi, na huo Ufalme wa Chini ulikuwa umejaza kunjo la tano lote, kurasa kumi na sita kamili.

Karani aliagiza nakala mia tatu. Pia alikodi kile chumba cha tatu, akawa anakuja na rafiki zake kila Jumatatu na Jumatano jioni kabla hatujafunga, kuujaribu mchezo wakati kitabu kinashonwa. Walipiga kelele kama watu wanaogombania urithi. Sisi tulisikia kila neno.

Kilichotokea Jumatatu moja jioni, Shangazi alikuja kunieleza miaka mingi baadaye. Upande wa pili wa ukuta, ndani ya mchezo, mlinzi wa malkia alikuwa amesimama mlangoni. Wenzake walikuwa nje, wanafukuzwa. Alitakiwa afungue mlango na kumsaliti malkia, au awaache wafe. Yule aliyemchezea mlinzi alikataa kusema. Wenzake wakamsihi, wakamtukana, mmoja akalia kabisa. Shangazi akateremsha bunda la kunjo la tano kutoka rafuni, akaliweka mezani juu chini, akaanza kushona, sikio likiwa ukutani. Hakutazama namba hata moja. Alipofungua bunda lililofuata ndipo alipoona kwamba nakala arobaini zilikuwa zimekwisha kushonwa na kunjo la tano limesimama kichwa chini.

Kufumua kungechukua siku nzima, mbele ya macho yetu. Na asubuhi ileile alikuwa amejisifu. Akazisukuma kwangu pamoja na nyingine. Mimi nikazikata kingo bila kujua lolote, zikatiwa gundi, zikavishwa majalada, zikaenda.

Baada ya wiki mbili mnunuzi mmoja akarudisha nakala yake. Mwenye kiwanda akapanda juu akiwa ameishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Nani huyu?"

Tukanyamaza. Akamtazama mkunjaji. "Ni ile pombe yako. Umepanga bunda miguu juu."

Mkunjaji alisimama na mfupa wake mkononi. Angeweza kuapa, lakini Jumatatu ile hakuikumbuka vizuri, wala nyingi nyinginezo. Akasema, "Labda ni mimi, bosi."

Aliondolewa kwenye meza ya kukunja siku hiyohiyo, akapelekwa chini kufunga maboksi. Watu wa mashine wakampa jina, Kichwachini, na jina likamganda. Hakumaliza mwaka. Aliacha kazi, akafungua kibanda cha kutengeneza miavuli na mabegi, na pombe nayo akaiacha, ghafla, bila kumwambia mtu sababu. Shangazi alishona miaka mingine kumi na tisa na kuendelea kujisifu, kwa sauti kubwa kuliko zamani.

Kitabu nacho kikaenda safari yake. Waliopata zile nakala arobaini waligundua kwamba ukifika sura ya Ufalme wa Chini unageuza kitabu juu chini, na sura inasomeka kwa mpangilio wake bila kasoro. Wakasema mtunzi ni mtu wa akili sana: ukishuka chini ya ardhi, dunia inapinduka. Alipoulizwa, mtunzi alitabasamu tu, na alitabasamu hivyo mpaka alipofariki. Chapa ya pili ilipotoka imenyooka, wachezaji walinung'unika kwamba wameuziwa kitabu kilichochujuliwa. Zile za kwanza zikaanza kutafutwa, mpaka zikawa vitu vya kufungiwa kabatini.

Mmoja wa watafutaji hao ni mfamasia mwenye duka la dawa karibu na stendi. Mwaka jana alikuja nyumbani kwa Shangazi, ambako mimi huenda kila Jumapili. Alikuwa amevaa glavu za dukani kwake. Kitabu kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na vile vipakiti vya kuzuia unyevu vinavyokaa kwenye chupa za vidonge.

"Mama, samahani kukusumbua. Naambiwa hiki ulikishona wewe."

Shangazi alikipokea, akafungua mgongo kidogo, akatazama fundo. "Fundo la mkono wa kushoto. Ni langu. Mbona umekifunga kama mgonjwa?"

"Zimebaki kumi na moja tu zinazojulikana, Mama."

Akaeleza kilichomleta. Chama cha wachezaji kingetoa toleo la kumbukumbu, nakala mia moja, na mwisho wa kitabu kungekuwa na historia ya chapa ya kwanza. Yeye ndiye aliyepewa kuiandika. Alikuwa amepata kwa watoto wa mwenye kiwanda daftari la kazi la zamani, na ndani yake mstari mmoja: kunjo la tano, kichwa chini, nakala arobaini, mkunjaji, pombe.

"Wachezaji watanichukia nikiwaambia haikuwa akili ya mtunzi," alisema. "Lakini historia ni historia. Nitaandika kwamba mkunjaji mlevi, jina la utani Kichwachini, ndiye aliyepindua. Jina lake halisi sijalipata. Wewe ulikuwepo, Mama. Nataka tu uniambie ndivyo."

Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena. "Umeshaipeleka kuchapwa?"

"Bado. Naipeleka Jumatano."

"Njoo Jumanne."

Mfamasia alipoondoka, Shangazi aliinuka akafunga mlango. Kisha akanieleza yote, tangu bunda hadi mlinzi wa malkia.

"Sasa?" nikauliza.

"Maneno ya watu wa mashine yalikufa na mashine. Hili litachapwa. Litawekwa kabatini na vipakiti vya dawa lisiharibike. Kesho unanipeleka kwa yule bwana."

Kibanda kilikuwa kimejaa mifupa ya miavuli. Mkunjaji alikuwa amezeeka, amekauka, lakini vidole vilikuwa vilevile, na ule mfupa wake alikuwa bado anautumia, kunyoosha pindo la begi. Alifurahi kutuona. Akampangusia Shangazi kiti.

"Dada, mdomo bado unafanya kazi?"

"Unafanya. Leo mdomo huu umekuja na kazi mbaya. Kaka, lile bunda nililipindua mimi."

Hakuuliza bunda lipi. Aliweka begi chini.

"Wewe."

"Mimi. Nilikuwa nasikiliza wale watoto wa mchezo. Sikutazama namba. Na nilipoona, nikanyamaza. Na ulipoulizwa, nikanyamaza tena."

Mzee alichukua mwavuli mmoja, akaufungua, akaufunga. Nje mtu aliuliza kama mwavuli wake uko tayari, akajibiwa aje baadaye.

"Kwa hiyo sikukosea."

"Hukukosea."

"Mimi nilijua ni pombe. Nikajiambia, kama imefika mahali inanipindulia kazi na mimi sijui, basi tena. Nikaacha." Akamtazama. "Miaka thelathini sijagusa, dada. Kwa kosa lako."

"Ndiyo."

"Na meza yangu ya dirishani je?"

Shangazi alilia kidogo, bila sauti, na mzee hakumbembeleza. Alimwacha alie. Kisha akauliza, kwa sauti kavu, "Na huyo mlinzi, alifungua mlango?"

"Sijui. Waliahirisha."

Mzee alitoa mlio puani ambao sikujua ni kicheko au nini. "Umenipotezea kazi, na mwisho wenyewe huujui."

"Kesho yule mfamasia anakuja," Shangazi alisema. "Nitamwambia aandike. Wewe sema unataka iandikwe vipi."

"Jina langu. Siyo lile. Langu, yote matatu. Na iandikwe sikukosea. Hayo ya kusamehe utayasubiri, maana mimi nimeyasikia leo."

Jumanne Shangazi alimwambia mfamasia kila kitu, pamoja na kule kujisifu. Mfamasia aliandika kwa kalamu, akafuta alichokuwa ameandika kwanza, akauliza kama aweke kwamba ilikuwa bahati mbaya.

"Weka kosa la mshonaji," alisema Shangazi. "Na jina langu usilifiche."

Ndipo nikasikia majina matatu ya mkunjaji kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimefanya naye kazi karibu miaka miwili, na nilijua moja tu, tena si la kwake.

Nakala mia moja zilikuja kujalidiwa kwangu, maana siku hizi nina chumba changu kidogo, na ile mashine ya kukatia karatasi niliinunua kiwanda kilipofungwa. Chama kilitaka arobaini zishonwe kama zile za kwanza. Mfamasia aliwaomba wazee wenyewe wazifanye, na mkunjaji akaja. Alifika na mfupa wake mfukoni, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya dirishani bila kuuliza. Nilikuwa nimekwisha kuifuta vumbi.

Tatizo likawa Shangazi. Kila alipofika kunjo la tano macho yalikwenda kwenye namba, mkono ukaligeuza, akalishona limesimama wima. Alifumua la kwanza. Akafumua la pili. La tatu mkunjaji akasimama kutazama.

"Unakosea, dada."

"Nakosea wapi?"

"Unapatia."

Mimi nilicheka, nao hawakucheka. Mkunjaji alivuta kiti, akakaa mkono wake wa kulia, akawa anampa makunjo moja moja, tayari yamepinduliwa, akiyashikilia kwenye fremu kwa kidole mpaka sindano ipite. Walikwenda hivyo siku mbili, nakala arobaini. Hawakuzungumza mengi. Siku ya pili, kwenye nakala kama ya thelathini, nilimsikia akimuuliza, "Jana umelala wapi?"

"Kwangu," Shangazi akajibu.

"Kitandani?"

"Macho wazi."

"Mm," alisema mkunjaji, akampa kunjo lililofuata.

Mfamasia aliwapa kila mmoja nakala yake. Mkunjaji alifungua ukurasa wa mwisho, akasoma polepole kwa kidole mpaka kwenye majina yake, akasoma neno lililofuata, "hakukosea", akafunga. Aliiviringisha kwenye kitambaa cha mwavuli, akaitia kwapani, akaenda kufungua kibanda. Asubuhi hiyo kulikuwa na mawingu na wateja walikuwa wanamsubiri.