Mkono wa Ngazi na Kanzu ya Ijumaa

Siku ya kwanza saiti, jengo la maduka kule Temeke, nilifika na ndala. Fomeni, mzee wa Kizaramo, akaniangalia miguu.

"Umekuja kuchomelea au kuoga?"

Wenzangu wakacheka. Akanipa kazi ya mkono wa ngazi, yaani lile bomba unaloshika ukipanda. Nikaidharau, kumbe ina sheria zake. Bomba liwe juu kidogo ya nyonga. Liachane na ukuta, vidole visichubuke. Lisikatike kwenye kona. Na ngazi zikiisha lenyewe lisiishe: lilale sawa, liende mbele kidogo, ndipo ncha irudi ukutani.

Mkaguzi wa manispaa alikuja na futi. Fomeni yeye alikuwaga anakagua na kanzu. Ijumaa akitoka msikitini anapanda juu, anafumba macho, anashuka akiburuza kiganja. Kanzu ikinasa kwenye ncha, unakata, unaanza upya.

"Kanzu kashona mke wangu hii. Ikichanika utakwenda kumweleza mwenyewe."

"Sasa mzee, hiyo ncha ya kwenda mbele ya nini?"

"Asiyeona atajuaje amefika chini? Bomba likilala, mguu unajua sakafu hii hapa."

Baadaye nilichomelea mageti Vingunguti, harufu ya machinjio ikanizoea hadi nzi wakanijua kwa jina. Nikaenda Kibamba, halafu nikastaafu, nikahamia Segerea. Uraiani jamani, sio kwenye lile gereza la huko.

Mwaka huu mke wangu, Bi Mwanahawa, macho yalimzidi, ukungu mtupu. Kliniki ya macho ipo kwenye lile lile jengo la Temeke, juu. Akagoma miezi.

"Kupanda nitapanda. Kushuka nimefungwa jicho, nitaporomoka kama gunia la mkaa mbele za watu!"

"Ngazi zile nazijua mie."

Akakubali kwa shingo upande. Alipotoka kufanyiwa operesheni, jicho moja bandeji, jingine bado ukungu, nikampa mkono.

"Niache bwana, na magoti yako hayo utaniangusha."

Akashika bomba. Mie nikatangulia kinyumenyume, roho mkononi. Akapita kona bila kuachia. Chini, kiganja kikalala sawa. Akasimama, akapapasa kwa mguu.

"Si ndiyo chini hapa?"

"Umejuaje?"

"Bomba limelala."

Nilitaka kumsimulia habari za marehemu fomeni, macho yangu yakakimbilia kwenye ncha. Bi Mwanahawa akatelezesha kiganja hadi mwisho, baibui halikunasa. Akauachia mkono wa ngazi, akautafuta wangu.