Kaseti Niliyoisafisha

Nikinusa spiriti, hata hospitalini, namwona baba pale kwetu Themi, akifuta kichwa cha redio kaseti kwa pamba. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Arusha yalianza kujaa kaseti mpya, lakini baba aliipenda moja tu: albamu ya bendi ya roki ya Waingereza, aliyoirekodi kutoka kwenye santuri ya jirani yetu, Bwana Kishor. Santuri zake hazikuazimwa, hivyo baba alibeba redio hadi sebuleni kwake, akaiweka mbele ya spika na kukataza watu kukohoa. "Huyu hapigi gitaa," alikuwa akimsifu mpiga gitaa wa bendi ile, "anazungumza nalo."

Katika wimbo wa tatu, gitaa likiwa linapanda, mama aliingia. "Baba Neema, bado tu? Chai inapoa." Kisha akacheka. Vyote vikanaswa, na baba akanuna siku mbili.

Mwaka uliofuata mama alifariki. Sauti yake haikubaki popote ila kwenye kaseti ile. Mimi, mtoto wa miaka tisa, sikuliwaza hilo. Niliona tu baba akiucheza wimbo ule kila jioni, akiinua mkono tunyamaze gitaa likianza kupanda. Msinicheke: nilidhani ni gitaa analolitaka, nikamwonea huruma kwamba kila siku anaharibiwa wimbo palepale.

Basi nikaichukua kwa siri, nikampelekea fundi Jumanne, aliyekuwa akirekodi kaseti mjini na alikuwa na albamu ileile, safi. Baba alishavunja vijino vya nyuma ili isifutike. Fundi akaziba matundu kwa karatasi, akarekodi juu yake.

Jioni baba akainua mkono. Gitaa likapanda, likapita. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, na tena.

"Nimeisafisha, baba," nikasema, nikingoja sifa.

Kesho yake tulikwenda kwa fundi pamoja.

"Mzee, ikishafutwa ndiyo basi," fundi akamwambia.

Baba akauliza tena kama kuna namna yoyote, kwa sauti ya kuomba ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Njiani akanishukuru, akasema gitaa sasa linasikika vizuri. Hakuicheza tena kaseti ile.

Nilikuja kuelewa nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Nilitaka kumbembeleza kama mama alivyonibembeleza, nikaitafuta sauti yake kichwani, sikuipata. Nililia sana. Sikuwa nimemfutia baba peke yake.