Taa Iliyokuwa Ikiwaka Kisimani

Naikumbuka vizuri asubuhi moja, mwanangu, asubuhi niliyomkatalia mteja mwenye pesa mkononi, na mpaka leo nikiikumbuka najiona mrefu. Umekuja dukani kwangu unaanza kazi ya ufundi, ukaniuliza maski ipi ni nzuri. Nimecheka kwa sababu Fundi Masalu naye aliniuliza hivyo hivyo. Vuta stuli ukae, chai inakuja.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara ilipofunguliwa na bidhaa za nje zikamiminika Mwanza. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni, ghafla tukawa tunachagua rangi na harufu. Nilikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto mmoja, Hadija, na duka ni hili hili, nyuma ya soko. Wenzangu waliuza vitenge na redio. Mimi niliuza buti za mpira, glavu, kofia ngumu, miwani ya kuchomelea, mikanda ya kupandia nguzo, vingi vyake mtumba. Walinitania kwamba nauza vitu vya wanaume. Niliwaacha wacheke. Mimi nilikijua kila nilichokiuza, na baadhi yao hata redio zao walimwita mtu aje kuwawashia.

Ujuzi huo niliutoa kwa baba. Alikuwa fundi magari, gereji yake ilikuwa Butimba, na mimi nilikulia pale katikati ya matairi. Siku moja ya mvua alimkuta mfanyakazi wake amefunga milango na injini inaunguruma ndani. Alimvuta kwa ukosi wa shati mpaka nje kwenye matope, akamwambia kwa sauti iliyosikika gereji nzima:

"Moshi wa injini una sumu isiyo na harufu. Hutaikohoa. Utasikia usingizi tu, basi, na hutaamka."

Baba hakuwa mtu wa kupaza sauti, ndiyo maana maneno yale hayakunitoka.

Sasa Masalu. Alikuwa mchimba visima wa Buhongwa, Msukuma mrefu, mpole, mwenye mikono kama majembe. Kazi ile aliirithi kwa baba yake, na walikuwa na utaratibu wao ambao hawakuuvunja hata siku moja: kabla mtu hajashuka kisimani, inashushwa kwanza koroboi iliyowashwa, ile taa ya kopo na utambi. Ikizimika, huko chini hewa imekufa, hakuna kushuka. Ikiendelea kuwaka, mtu anajifunga kamba na kwenda. Taa ile ilikuwa imewalinda watu wa nyumba yao tangu zamani, na mimi siidharau.

Ila mwaka ule Masalu alikuwa amenunua pampu ya petroli, mojawapo ya zile ndogo zilizoanza kuja na soko huria, ya kumwagilia nyanya zake. Kisima chake kilikuwa kirefu, na pampu ikiwa juu ilishindwa kuvuta maji. Akafanya alichoona ni akili: akaishusha kisimani, akaiweka juu ya mbao karibu na maji, akaiwasha huko huko kwa kuvuta kamba yake, akapanda juu. Asubuhi ile ilinguruma kwa muda, kisha ikazimika yenyewe. Moshi ulimkohoza kila alipochungulia, kwa hiyo akapanda baiskeli mpaka dukani kwangu. Akanisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, nikamwitikia, akaomba maski nzuri ya kushukia chini akaitengeneze pampu.

Maski nilikuwa nazo, boksi zima, zile nyeupe za vumbi. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye rafu. Nikamsikia baba.

Nikamwambia hizi ni za vumbi la mbao na saruji, na sumu ya injini inapita humo kama maji kwenye chekeche, kwa hiyo simuuzii. Akanijibu kwa upole kwamba nisiwe na wasiwasi, atashusha taa kwanza. Nikamwambia taa haitamsaidia. Hapo ndipo upole ulipomwishia. Nadhani hakukasirika kwa ajili ya maski, alikasirika kwa ajili ya baba yake.

"Mama Hadija," akasema, "hiyo taa imenilea. Wewe umeshuka visima vingapi?"

Sikuwa nimeshuka hata kimoja. Akatoka, na kwa macho yangu nikamwona akiingia duka la jirani na kutoka na maski mbili, moja juu ya nyingine, ili ziwe imara zaidi.

Ningeweza kukaa kimya. Ningesema nimeshamwambia, mtu mzima ameshasikia. Lakini, mwanangu, nilifunga duka mchana kweupe siku ya soko, nikamwomba mume wangu pikapu yake, tukaelekea Buhongwa. Njia nzima alilalamika kuhusu petroli.

Tulimkuta Masalu ukingoni mwa kisima, maski zote mbili usoni, kamba kiunoni. Mke wake, Mama Kulwa, ameishika taa kwa kamba nyingine, anaishusha taratibu. Ikafika chini. Tukachungulia sote. Ilikuwa inawaka, mwali umetulia kabisa.

Masalu akanitazama. Jicho lake lilisema vya kutosha. Akaanza kukaa ukingoni, miguu ndani.

Nikamgeukia Mama Kulwa. Nikamwomba kuku, kuku yeyote, na tenga la kumwekea. Nikasema tumshushe akae pale pale ilipo taa, na kama akirudi mzima nitamwomba mumewe radhi mbele ya kijiji na kofia ngumu nitampa bure. Mama Kulwa hakubishana. Nafikiri moyo wake nao haukuwa umetulia. Alimkamata tetea mwekundu, akamfunga ndani ya tenga, tukamshusha. Mwanzo tulimsikia akilalamika kule chini. Masalu akacheka chini ya maski zake. Kisha kuku akanyamaza.

Tulisubiri kidogo, tukavuta vyote viwili pamoja. Koroboi ilitoka ikiwaka. Tetea alikuwa amelala ubavu, shingo imelegea, amekufa.

Masalu alitoa miguu yake kisimani mmoja mmoja, akavua maski, akaziweka chini kwa adabu.

"Taa ilikuwa inawaka," akasema.

"Ilikuwa inawaka," nikamjibu.

Mama Kulwa akakaa chini pale pale, akalia. Hakuwa anamlilia kuku wake hata kidogo.

Kisima kilikaa wazi mpaka kesho yake, na pampu waliinasa kwa ndoano wakaivuta kutoka juu. Haikurudi tena chini. Masalu amezeeka sasa, ana wajukuu, na bado anachimbisha. Kwenye kazi yake hakuna injini inayoshushwa shimoni, na hakuna anayeshuka bila mkanda wa mwili mzima na mtu wa kumvuta juu. Mikanda hiyo wananunua kwangu. Na ile koroboi aliniletea mwenyewe. Ndiyo ile pale juu, kando ya alamu mpya zinazolia hewa ikiwa na sumu. Haiuzwi. Haikudanganya siku ile. Iliulizwa kama hewa inawasha moto, ikajibu ndiyo. Waliopaswa kuulizia sumu ni sisi.

Kwa hiyo mwanangu, usiniulize tena maski ipi ni nzuri. Niambie unaogopa nini, nami nitakupa cha kukuzuilia hicho. Ya vumbi ni ya vumbi. Ya rangi na dawa ina chujio lake, na mahali hewa yenyewe imeharibika hakuna chujio la kukuokoa, usiingie. Miwani ya jua usichomelee nayo, hata kama inakupendeza. Nyumbani, alamu ya moshi ifunge darini, ya gesi ya kupikia chini karibu na sakafu, maana gesi ile hulala chini. Jiko la mkaa lisilale na watu chumbani. Alamu ibonyeze mara kwa mara usikie kama inalia, na usimwamini mwenye duka kwa sababu tu anatabasamu, hata mimi.

Nenda na kazi yako. Mungu akupe mikono inayosifiwa kuanzia Nyegezi mpaka Butimba, akupe na mtu wa kukuambia hapana siku utakayokuwa umeshaingiza miguu, na kila jioni akurudishe kwa mama yako unapumua.