Niliandika MSIGUSE, akagusa

Leo nimesema "asante shemeji" huku machozi yananilenga.

Mnajua kazi yangu, nachora ramani za nyumba hapa Visiga. Mwezi mzima nawaza: nibadilishe mfumo wa kompyuta au nibaki na wa zamani? Mpya una kasi, lakini programu yangu ya kuchorea ni ya zamani, kwenye mpya haifunguki.

Nimeuliza mafundi watatu. Asubuhi nikaamua: sibadilishi.

Nikaandika karatasi, MSIGUSE, nikaibandika kwenye kioo cha kompyuta. Nikaenda Vihingo kupima kiwanja cha mteja.

Narudi, namkuta shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, kakalia kiti changu anatabasamu.

"Shemeji, nimekupigia window mpya. Sasa inapaa!"

Kafuta kila kitu. Programu hakuna. Ramani ya mama mmoja wa Gwata, kazi ya wiki tatu, hakuna. Mafundi wake wanaanza msingi kesho.

(Ndiyo, sikuwa nimeiweka kwenye flashi. Msianze.)

"Si niliacha karatasi, shemeji?"

"Niliiona. Nikajua unaogopa tu."

Mume wangu, kasimama mlangoni, akanikazia macho. Shemeji mkubwa hafokewi. Nikashukuru.

Na kweli inapaa, jamani! Inawaka kabla sijakaa vizuri. Ila haina cha kufungua.

Nyie mngemwambia nini yule mama?

Mimi bado nimekaa naiangalia ile karatasi ya MSIGUSE. Shemeji kaitandika chini ya mausi, ili isiteleze.