Dada wa Sauni

Mdogo wangu Sauni aliacha kazi yake Auckland, kazi ya tai na lifti, akarudi hapa Savai'i kulima taro, magimbi yetu. "Dada Sialei," aliniambia akishusha sanduku, "maisha yangu yote yameishia vikaoni. Nataka udongo tu." Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mtu anakimbia vikao, anakuja Samoa, kwenye vikao kila siku! Lakini nilimpa chai, nikaona kikombe kinavyotetemeka mkononi mwake, kicheko kikanikauka.

Haukupita muda, wazee wa ukoo wakaanza kumfuata. Mjomba alikuwa amefariki, nafasi ya matai iko wazi, na Sauni kasoma, anajua kuongea. Matai ndiye mkuu wa ukoo: misiba ni yake, michango ya kanisa ni yake, ugomvi wa mashemeji ni wake, na vikao vya kijiji visivyokwisha. Sauni akawakwepa. Wakija nyumbani, yuko shamba. Wakipanda kilima kwenda shambani, yuko mtoni.

Wajanja wale, wakaja jikoni kwangu. "Mwombe wewe," alisema babu Pouono. "Wewe ndiye dada." Kwetu mwanamume hamkatalii dada yake; afadhali afe.

Nikapanda kilima na magoti yangu haya mabovu. Nilimkuta amelala chini ya migomba, matope mpaka mapajani, mdomo wazi, anakoroma. Mikono imetulia tuli. Nilisimama pale nikamwonea wivu, sisemi uongo. Akaamka.

"Wamekutuma."

"Wamenituma."

"Ukiniomba nitakubali, dada. Unajua."

"Najua, mjinga wewe."

"Basi usiniombe. Nakusihi. Sina kilichobaki."

Nilichuma majani ya taro ya kupika jioni, nikashuka. Wazee walikuwa wamekaa barazani kwangu, wamejaa tele, wanasubiri na chai.

"Amekubali?" akauliza Pouono.

"Sikumwomba."

Wakanong'onezana. Kisha Pouono akakohoa, akanitazama kwa upole kabisa. "Basi chukua wewe nafasi hiyo, Sialei. Wewe mwanamke huchoki."

Sichoki! Mimi niliyemuuguza mama mpaka mwisho, nikamzika mjomba, nikawapikia hao hao kwenye kila msiba! Jamani, nilitaka kuwatupia majani usoni. Lakini ningekataa, wangepanda kilima kesho kumwamsha yule.

"Haya, nimekubali," nikasema. "Sasa sogeeni, niketi."