Kikomo cha Kilo Themanini

Saa tatu asubuhi, Benadetha Likwata ameshika simu ya ofisi mjini Lindi.

"Erasmo, lori limeondoka?"

"Zamani, dada! Lipo njiani."

Benadetha (29) hutunza programu ya kompyuta ya kampuni moja ya kununua korosho, kati ya zile zilizomiminika mkoani soko lilipofunguliwa kwa kampuni binafsi. Kwa mshahara wa shilingi 70,000 analea wadogo zake wawili.

Programu ina ngazi tatu. Ya kwanza ni skrini anayochapia Erasmo, mpima uzito wa kituo cha Mtama. Ya kati hujumlisha uzito na kutoa kibali cha lori. Ya mwisho ni ghala la kumbukumbu, Lindi.

Msimu uliopita, mwaka 2001, mtu alikosea, akachapa gunia la kilo 800. Benadetha akaweka kikomo palepale kwenye skrini: likizidi themanini, halipokelewi. Akaona kazi imekwisha.

Leo, kwenye orodha ya lori la Mtama, ameona magunia tisini, yote kilo themanini kamili.

"Yamezaliwa mapacha?" anamuuliza Erasmo.

"Sasa nifanyeje? Watu wanaleta lumbesa, gunia limeshindiliwa mpaka limeota kichwa, kilo mia na kumi na tano! Mashine yako inakataa, foleni inanitukana. Nikiandika themanini, inanyamaza."

Benadetha anapiga hesabu. Kibali kinasema tani saba. Lori limebeba kumi, na mbele yake kuna daraja la mbao lisilostahimili mzigo wa zaidi ya tani nane. Juu ya magunia wamekaa makuli wanne. Dereva, mzee Hasani, hana simu.

Saa mbili nzima hakai wala hanywi chai. Simu inalia: ni mzee Hasani, anapiga kutoka simu ya duka lililo karibu na daraja.

"Shikamoo, mzee…"

"Shikamoo baadaye, binti! Hizi tani saba zenu mlizipima kwa macho? Springi zimelala chali! Nimeshusha watu na nusu ya mzigo kabla ya daraja."

Benadetha anaketi sakafuni.

"Nilimweka mlinzi mlangoni, akawafundisha watu kudanganya," anajisemea. Sasa skrini itauliza tu, "Una hakika?", kisha ipokee uzito wa kweli. Ngazi ya kati ndiyo itakayolinyima kibali lori lililozidi uzito. Ghala la kumbukumbu nalo litakataa namba ambayo haiwezi kuwa gunia, ipite njia yoyote ile.

Bado hana raha. Kituo cha Kiranjeranje kina skrini yenye kikomo kilekile, simu ya huko imekatika, na kesho wanapakia. Disketi ya marekebisho ameifunga kwenye nailoni, ipo mkobani.

"Nikikosa basi nitapanda chochote," anajisemea, akifunga ofisi. "Ila nifike kabla hawajapima gunia la kwanza."