Mashine ya Kuchuna Chai na Ahadi Niliyoitoa Bomet

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana alinipa spana tatu na ovaroli iliyokuwa na jina la mtu mwingine kifuani. Karakana hiyo ilikuwa nyuma ya kiwanda cha chai, nje kidogo ya mji wa Kericho. Nilikuwa kijana kutoka upande wa ziwa, cheti cha ufundi bado kinanukia wino, nikidhani nimekuja kubuni mambo.

"Ouma," Mkuu akaniambia, "hapa hatutengenezi mashine. Hapa tunazuia mashine za watu wengine zisife."

Kwa miaka mingi ndiyo kazi niliyofanya. Mitambo ilitoka ng'ambo na kitabu cha maelekezo kilichoandikwa na mtu ambaye hajawahi kuona mvua ya Kericho, ile inayokuja karibu kila siku baada ya chakula cha mchana. Chukua mfano wa kunyausha, yaani kutandaza majani mabichi kwenye vitanda virefu vya waya na kupuliza hewa chini yake ili maji yapungue kabla ya kusagwa. Kitabu kilitaja saa kamili. Majani yetu yalifika yamelowa, saa zikatimia nayo bado mabichi. Wazee wa kiwanda wakanifundisha kufinya majani kwenye ngumi: tonge likifunguka polepole, yako tayari. Hakuna mahali kitabu kiliposema hivyo. Spea ikivunjika tungengoja miezi, kwa hivyo tulichonga yetu kutoka kwa vyuma vilivyotupwa. Hatukuita hiyo ubunifu. Tuliita Jumatatu.

Baadaye nilipandishwa cheo kuwa Msimamizi wa Mitambo ya Shambani, nikahamishiwa shamba moja upande wa Bomet. Huko ndiko yalikonikuta ninayotaka kuwaeleza nyinyi mnaosomea uhandisi.

Meneja wa Shamba alileta mashine mbili za kuchuna majani. Kila moja inabebwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, mstari wa chai katikati. Chini ina wembe mrefu kama wa kinyozi, na feni inayopuliza majani kuingia kwenye gunia nyuma. Mtaalamu wa waliozitengeneza alikaa nasi siku nne, akatufundisha kwenye uwanja wa mpira kwanza, halafu kwenye sehemu tambarare ya shamba. Alipiga picha, akaondoka.

Zilipopelekwa kwenye mteremko, zilishindwa. Aliye upande wa chini alibeba uzito wote. Wembe ulizama kwenye kichaka ukakata majani makuukuu na vijiti, na kiwanda kikayakataa. Baada ya wiki tatu mashine zilikuwa stoo.

"Hawa kina mama wanaochuna wanaogopa kazi yao iende," Meneja akaniambia. "Wanaziharibu makusudi. Nenda uongee nao."

Nilikwenda. Kiongozi wa wachunaji alikuwa Mama Chepkoech, mwanamke wa makamo kutoka Sosiot, mkimya, mwenye mikono iliyokuwa ikichuna majani mawili na chipukizi tangu akiwa msichana. Nilianza kumweleza umuhimu wa teknolojia. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Fundi, wewe umewahi kuibeba?"

Sikuwa nimewahi. Nikaibeba, upande wa chini, mstari mmoja na nusu. Nikakaa kwenye nyasi nikishika kiuno. Hakunicheka.

"Sisi tukibeba kuni," akasema, "uzito haukai kwa mikono. Kuna mshipi. Na hii kisu yako haina macho. Inataka kitu ya kukanyaga, ndio isizame."

Maneno hayo ndiyo yaliyookoa mashine zile. Tulitengeneza mshipi mpana wa kuvuka bega, tukatumia turubai kuukuu. Nikakata mkono wa mashine wa upande mmoja, nikauchomelea bomba ndani ya bomba ili urefuke mtu akiwa chini. Chini ya wembe tukafunga mipira ya kupitishia maji iliyopasuliwa, iwe inateleza juu ya meza ya chai. Meza ni ule usawa wa juu wa kichaka ambao mchunaji mzuri huutunza kwa miaka. Tulijaribu, tukaharibu, tukajaribu tena, msimu mzima wa mvua. Mama Chepkoech ndiye aliyekuwa akisema, "Bado, inapanda sana," au "Hapo sawa, wacha hapo." Siku kiwanda kilipokubali gunia letu la kwanza bila kurudisha hata kijiti, tulipeana mikono kama watu waliofunga bao.

Lakini kabla ya siku hiyo kulikuwa na nyingine. Katikati ya majaribio, wachunaji waligoma kushika mashine. Meneja aliniita ofisini.

"Waambie hakuna mtu atapoteza kazi," akasema. "Mashine ni ya kusaidia wakati majani yamezidi. Hiyo tu."

"Naweza kuwaambia hivyo, bwana?"

"Si nimekwambia?"

Niliwakusanya kwenye banda la kupimia majani. Nikasema yale yale. Mama Chepkoech akasimama. "Fundi, hayo unasema wewe, ama ni Meneja anasema?"

Mngekuwa pale mngeona jinsi walivyonitazama. Nikajibu, "Nasema mimi."

Wakarudi kazini kwa sababu hiyo.

Mwaka uliofuata ulipoanza, Meneja alikuwa amehamishwa. Aliyekuja baada yake hakuwa ameahidi mtu chochote. Vibarua wa msimu hawakuitwa tena. Halafu wa kudumu wakaanza kupewa barua, laini moja ya nyumba za wafanyakazi baada ya nyingine. Mashine, wakasema, inahitaji vijana wa kiume wenye nguvu. Wale kina mama walioifanya iweze kubebeka ndio walioonekana hawafai kuibeba.

Nilikwenda kwa meneja mpya. Nilisema kulikuwa na ahadi. Akaniuliza imeandikwa wapi. Sikuwa na la kumwonyesha.

Mama Chepkoech alipata barua yake siku ya Ijumaa. Nilimkuta akifunga magodoro mbele ya nyumba. Nikasimama hapo na kofia mkononi. Akanisaidia yeye: "Shika upande huo, Fundi." Tukapakia magodoro kwenye pikapu, akaenda.

Mimi nilipewa cheti cha pongezi na nikahamishiwa makao makuu, Idara ya Teknolojia Mpya. Nilikuwa nimeandika ripoti ya marekebisho yetu na kumtaja Mama Chepkoech kwa jina. Mkuu wa Idara alilikata kwa mstari. "Ripoti ya kitaalamu haiandiki majina ya vibarua," alisema. Ningeweza kubisha. Nilikuwa na watoto shuleni, na nilikuwa nimechoka. Niliipiga chapa upya bila jina hilo. Sijawahi kumwambia mke wangu hilo hadi leo ninapoliandika.

Nilistaafu nikiwa na mgongo mbaya na hotuba nzuri kutoka kwa watu wasionijua. Mwezi wa pili nyumbani nilisafiri hadi Sosiot, nikaulizia kwa Mama Chepkoech.

Nilimkuta akikamua. Nywele zimekuwa nyeupe. "Chamgei, Fundi," akanisalimu bila kuacha kazi, na nikangoja hadi ndoo ijae. Tulikaa jikoni, nikamwambia yote: ahadi, ripoti, mstari juu ya jina lake. Alimimina chai.

"Umekuja kuomba msamaha ama umekuja kupumzika?" akauliza.

"Sijui, Mama. Labda yote mawili."

"Chepng'etich hakupata kazi tena," akasema. "Unamkumbuka? Wa upande wa juu wa mashine. Aliuza ng'ombe, akaenda kukaa kwa kaka yake. Huyo ndiye wa kuomba." Akanielekeza njia ya kufika huko, kituo kwa kituo, bila ukali, kama mtu anayeelekeza sokoni.

Nilikwenda kwa Chepng'etich wiki hiyo hiyo. Hakunikaribisha ndani. Alisikiliza akiwa mlangoni, akasema, "Sawa, umesema," akafunga. Nilistahili hilo, na nilirudi nyumbani taratibu.

Nyinyi mtaletewa mashine nzuri kuliko zetu. Watu watakuja na kitabu, na mtagundua kwamba kitabu hakijui mteremko wenu. Mtawauliza wanaoujua, nao watawaambia, maana watu wetu si wachoyo wa maarifa. Kabla hamjawauliza, nendeni kwa wakubwa wenu mkaandikiwe, kwa karatasi na sahihi, watu hao watakuwa wapi mashine ikianza kufanya kazi vizuri. Wakikataa kuandika, mrudi mkawaambie watu hao kwamba wakubwa wamekataa. Kisha mkae kimya, muwaache waamue wenyewe kama watawafundisha. Mimi sikuwapa nafasi hiyo. Nilikuwa fundi mzuri, na mashine ile bado inachuna.